Vipepeo Chini ya Nyaya za Downsview

Wenzangu mliobaki kazini, mmeniomba niwaandikie nilivyoanza kutazama vipepeo, kwa sababu mnasema kila kiangazi watu wanasimamisha trekta zenu kuuliza yule mama wa vipepeo yuko wapi. Yupo. Yuko nyumbani, miguu juu ya stuli, anakunywa chai ya tangawizi saa za kazi bila woga wowote. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Mishahara ilikuwa mifupi na vyeo havikuwepo, kwa hiyo tutaokoa karatasi.

Huku Kanada nilianzia Malton, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, nikipanga maboksi mahali pasipo na dirisha hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikapata kibarua cha kukata nyasi za mji. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine ya kusukuma, miwani ya plastiki, viatu vya kazi vya mwanaume mwenye miguu kama mitumbwi, na bosi aliyeitwa Gordon. Gordon hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipeleka kwenye ule ukanda mrefu chini ya nyaya kubwa za umeme, nyuma ya maghorofa ya Downsview, akanyoosha mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine, akasema, "Yote." Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa.

Nami sikuona shida, maana nyasi nilikuwa nazichukia tangu utoto. Kwetu Korogwe uwanja unafagiliwa alfajiri mpaka udongo ung'ae, na mtu akiacha nyasi zirefuke mlangoni, majirani wanakuja kuuliza kama kafiwa. Nyasi ndefu ni nyoka, nyasi ndefu ni mbu, nyasi ndefu ni uvivu wa mama mwenye nyumba. Kwa hiyo nilikata. Nilikata kwa moyo wangu wote, na Gordon, ambaye alipenda mistari iliyonyooka kuliko alivyopenda watu, aliridhika nami kabisa.

Kilichoniharibu ni plagi. Kiangazi kimoja mashine ilinizimikia katikati ya ukanda, kwenye kipande chenye majani makubwa nisiyoyajua. Nikavuta kamba, wapi. Nikavuta tena, wapi. Kwa kuwa niliamini niko peke yangu na Mungu, nikaitukana ile mashine kwa Kiswahili, nikawatukana na walioiunda.

"Taratibu, bibie," sauti ikajibu kutoka ndani ya nyasi. "Unamtisha."

Jamani! Nyasi za Kanada zimenijibu, tena kwa Kiswahili cha Tanga! Nilisoma kila dua niliyoijua na nyingine nikazitunga palepale. Kisha nikaona kofia ya jua inainuka, chini yake mzee wa Kihindi amelala kifudifudi, darubini shingoni, kadi mbili za basi zimechomoza mfukoni mwa shati. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Haya, inama, yuko hapa."

Hakuniuliza jina, hakuniuliza nimetoka wapi. Alinivuta mkono nikapiga magoti. Mbele yetu kipepeo mkubwa wa rangi ya machungwa, mwenye mishipa myeusi, alikuwa amekunja tumbo chini ya jani na anabandika yai dogo jeupe. Alipomaliza akarukia jani la pili, akabandika lingine, kama karani anayegonga mihuri. Nilishika mdomo. Nilikuwa nimekata majani yale miaka yote ile na sikuwahi kujua kwamba ni wodi ya wazazi.

Huyo ndiye Mzee Nizar, mwalimu wangu. Alizaliwa Tanga katika familia ya Kiismailia, akaondoka ujanani, akafungua duka la dawa huku, na alipozeeka akawaachia wanawe duka naye akabaki na wadudu. Aliishi Richmond Hill, lakini alikuja Downsview kwa mabasi kwa sababu watoto walimnyang'anya funguo za gari. Nilimuuliza kwa nini asitazame vipepeo wa kwao. "Kule kwetu," alisema, "bustani zinapuliziwa dawa mpaka sisimizi wameuza nyumba wakahama."

Sasa, mnaotaka kuanza, sikilizeni. Msianze na kitabu. Mimi Mzee Nizar alinipa kitabu chenye picha nyingi, nikakifungua, nikakifunga, nikapata kichwa kuuma. Anza na mmea. Jifunze kwanza mmaziwa, ndivyo tulivyouita sisi, ule unaotoa utomvu mweupe ukiuvunja, kwa sababu kipepeo Mfalme, yule wa machungwa niliyemwona siku ile, hatagi mahali pengine popote. Ukiujua mmea, umeshajua anwani, na mwenye nyumba atarudi tu. Nenda siku ya jua, kuanzia saa nne asubuhi hivi, wakati mabawa yameshapata moto. Usimsogelee umesimama wima, kivuli chako kikimwangukia tu ameondoka. Chuchumaa, nenda mdogomdogo, na usinyooshe kidole kama unamshtaki. Ukiwa na darubini, chukua ile inayoweza kuona kitu kilicho karibu na vidole vya miguu yako, maana ile ya kutazamia ndege itakuonyesha ukungu mtupu. Na ukitoka jasho usijifute haraka. Wapo wanaokuja kunywa chumvi mkononi mwako, na siku hiyo ikikukuta utakosa usingizi kwa furaha.

Majina ya Kiingereza yalinishinda, na ya Kilatini ndiyo usiseme. Tukatunga yetu. Yule mdogo mweupe anayeingia kila bustani bila kubisha tulimwita Karani. Yule wa rangi ya damu ya mzee yenye pindo la maziwa, anayetokea wa kwanza kabisa theluji ikiwa bado kwenye vivuli, tulimwita Baibui, kwa kuwa alivaa kama mama wa Kitanga anayekwenda harusini. Mwenye mikanda myekundu kwenye mabawa meusi alikuwa Jemadari. Baada ya kiangazi kimoja nilikuwa najua watano, na watano wanatosha kukutia wazimu. Nilikuwa ndani ya basi napiga kelele "Jemadari huyo!" na abiria wanageuka kutafuta askari.

Kesi iliyonitesa ilikuwa ya Naibu. Huyu ni wa rangi ya machungwa na nyeusi kama Mfalme, ametufanyia makusudi. Niligombana naye, niligombana na Mzee Nizar kwa ajili yake, tukanuniana kwenye kituo cha basi watu wazima na akili zetu. Siri iko hapa: tazama bawa la nyuma. Naibu ana mstari mweusi unaolikata bawa kwa mkingamo, juu ya ile mishipa mingine. Mfalme hana mstari huo. Niliposhindwa ubishi ule Mzee alinunua samosa tukala palepale kituoni, na za kwangu alizipaka pilipili nyingi kuliko haki.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kunikwama kooni. Nifanyeje? Niliajiriwa kukata kile ambacho sasa nilikuwa nakipenda kuliko kitanda changu. Nikaanza kumwomba Gordon aache kipande kimoja tu bila kukatwa, kile chenye mimaziwa. Alikataa. Mwaka uliofuata nikaomba tena, akakataa. Nikawa namwomba wakati wa chai, wakati wa kutia mafuta, hata siku ya kumuaga mtu mwingine aliyestaafu, huku nimeshika keki ya mwenyewe. Mwishowe, tukiwa tumeshaingia miaka ya elfu mbili na kumi, alichoka.

"Kiangazi kimoja," alisema. "Watu wa maghorofa wanapiga simu kila nyasi zikipita magoti. Nyoka, mbu, uchafu. Nitakuja mwenyewe mwezi wa nane. Nisipoona cha maana, trekta inapita na hatutalizungumza tena."

Nilimkumbatia. Gordon hakuwa mtu wa kukumbatiwa, alisimama kama mlingoti mpaka nikamaliza.

Kiangazi kile nililelewa na jua. Mimaziwa ilinifika kifuani, ikatoa maua ya waridi yenye harufu nzito ya asali, na ilipofika Agosti ilikuwa imejaa viwavi. Mzee Nizar alikuwa hakai chini. Hawa wa mwezi wa nane, alinieleza, ndio wasafiri: wakishapata mabawa hawabaki hapa, wanaruka kwenda mpaka Mexico. Trekta ikipita sasa, hakuna wa kusafiri. Kila mapumziko ya chakula niliingia mle kwa magoti, natambaa kutoka mmea mmoja hadi mwingine, nahesabu na kusahau na kuanza upya. Gordon alisema atakuja Jumatatu. Nilimwambia kila mtu kwamba bosi anakuja kukagua, hata Mama Furaha tuliyezoeana kituo cha basi, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee na kuishi kwenye ghorofa linalotazama ukanda wangu.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko, lakini mimi na Mzee Nizar tuliahidiana kwenda kuwaona wanetu. Tukashuka basini, tukasikia nyimbo. Nyimbo nzuri, sauti nne zimepangika. Mzee akasema, "Kuna harusi." Tukakata kona.

Haikuwa harusi. Kwaya nzima ilikuwa kwenye mstari mmoja, vitenge vimefungwa kiunoni, wanafyeka. Wana mikasi ya bustani, wana mapanga ya dukani, na mama mmoja alikuwa na fyekeo halisi lililosafiri ndani ya sanduku kutoka Uvira. Wanakata kwa mdundo, hatua moja mbele, hatua moja mbele. Nusu ya kipande changu ilikuwa imelala chini.

"Maman Mwanaidi!" Mama Furaha akaniona, akapunga mkasi. "Unakuya kufanya nini siku ya kupumzika? Rudia nyumba, ulale! Sisi tunamaliza!"

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Salongo!" Kwao salongo ni ile siku mtaa mzima unapotoka kufanya usafi pamoja. Alinisogelea, akanishika mabega kwa huruma. "Kila siku ninakuona kwa dirisha, unatambaa kwa magoti mu majani, unainama, unashindwa kusimama. Nikasema, huyu mama mugongo yake imekufa, na majani imemushinda, na chef yake, ule bosi, anakuya lundi. Batamufukuza kazi. Bon, nikaita chorale."

Nilitaka kulia nikaanza kucheka, nikacheka nikaanza kulia. Waliacha Jumamosi yao, mama hawa wanaofanya zamu mbili, wakaja kuokoa kazi yangu kwa kukata kitu pekee nilichotaka kisikatwe. Sikuweza kukasirika.

"Mama Furaha," nikasema, "mgongo wangu ni mzima. Nilikuwa natazama wadudu."

"Badudu? Kwa magoti?"

Nyimbo zikafa. Kwaya yote ikanitazama kama mtu aliyehitaji maombi. Ni Mzee Nizar aliyetuokoa. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye lundo la majani yaliyokatwa, akafukua, akainuka na kikonyo mkononi. "Njooni mwone mliyekuwa mnamkata," akasema kwa upole. Juu ya jani alikuwapo kiwavi mnene, mistari yake myeusi, ya manjano na myeupe, anatafuna bila wasiwasi.

Mama Furaha alisogeza uso mpaka pua ikakaribia jani. "Yesu wangu!" akapiga kelele. "Amevaa kitenge!"

Basi ikawa salongo ya pili. Mapanga yakatupwa, mama wazima wakaingia kwenye malundo kwa magoti, wanafukua taratibu, na kila anayepata anapiga yowe. "Niko na wawili!" "Huyu mukubwa, huyu papa yao!" Ndoo zilizoletwa na maji ya kunywa zikamwagwa. Sufuria ya maandazi ikatolewa maandazi. Mzee Nizar alikimbia huku na huko na fimbo yake akifundisha: vikonyo ndani ya maji kidogo, majani mabichi kila siku, mavi yasafishwe, na dirisha la jua kali hapana. Kila mama aliondoka na familia mpya, wakarudi maghorofani wakiimba, na mimi nikabaki nimekaa chini kwenye nyasi fupi sijui nicheke upande gani.

Jumatatu Gordon alikuja, na kulikuwa na mawingu. Kipepeo hana nidhamu ya kazi, siku ya mawingu haonekani hata kwa kumlipa. Gordon aliitazama nusu iliyosimama, akaitazama nusu iliyofyekwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hii ni safi," alisema, akionyesha iliyofyekwa. "Nani kakata?"

"Majirani."

"Unaona? Hawaitaki. Baada ya wiki mbili trekta inamalizia iliyobaki."

Nilimweleza, nikaonyesha mimaziwa, nikainua majani. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea garini. Jioni nilimpigia Mama Furaha nikamwambia yote.

Wiki mbili zile simu yangu haikupumzika. "Maman, wa kwangu hakule leo." "Maman, wa kwangu anajitundika kichwa chini, nimwite docteur?" Nikawaambia anaingia kwenye pupa, ile nyumba ya kijani yenye vitone vya dhahabu ambamo kiwavi anabadilika kuwa kipepeo, na asiguswe. Wa Mama Furaha alijitundika kwenye pazia la chumba cha kulala. Mama akapiga marufuku pazia lile kuvutwa, na mumewe, aliyefanya zamu ya usiku kiwandani, alilala na jua la mchana usoni mpaka akaanza kuvaa kofia kitandani. Mama mwingine alikwenda na bakuli lake la viwavi ibadani kwa kuhofia watakufa njaa, na mchungaji akahubiri akiwa amelikodolea macho bakuli. Nilicheka kiangazi kile kuliko miaka yangu yote ya Kanada, na kila nikimaliza kucheka nilikumbuka trekta.

Asubuhi ya trekta kulikuwa na jua. Nilifika mapema na Mzee Nizar, nikakuta kwaya imeshafika, sare za Jumapili siku ya kazi, kila mmoja ameshika bakuli au boksi lililofunikwa kitambaa. Vipepeo walikuwa wametoka. Ngurumo ya trekta ikasikika, na mbele yake gari la Gordon. Alishuka ameshika simu.

"Mwanaidi," alisema, "hawa watu ni nani? Wamepiga ofisini wiki mbili mfululizo. Kutoka maghorofa haya haya! Nusu yao kwa Kifaransa! Nina malalamiko mengi kuliko niliyowahi kuyapata, na yote yanasema nisikate."

Nilifungua mdomo lakini Mama Furaha alishanipita. Alifunua bakuli, akamtoa Mfalme wake kwa kidole, taratibu, akaushika mkono wa Gordon na kuugeuza kiganja juu kama unavyomgeuza mtoto umpake mafuta.

"Shika," akamwambia. "Usifunge mukono."

Gordon hakuelewa neno, na alielewa yote. Aliganda. Mfalme alimtembea kiganjani, akapanda mpaka kwenye mkono wa shati, akafungua mabawa, akayafunga, akayafungua. Sikupumua. Gordon naye hakupumua. Kisha Mfalme akaondoka, juu, juu, akazipita nyaya, na Gordon akamfuata kwa shingo mpaka kofia ikamdondoka.

"Huyo," akauliza bila kushusha kichwa, "ni dume au jike?"

"Dume," Mzee Nizar akamjibu, machozi yanamtiririka waziwazi. "Ana vitone viwili vyeusi kwenye mabawa ya nyuma."

Gordon akageuka, akajipitishia kiganja shingoni kumwonyesha dereva wa trekta. Zima. Ngurumo ikakatika. Mama Furaha akapiga kigelegele cha Bukavu, kile kinachoweza kusimamisha ndege angani, kwaya ikakipokea, vitambaa vikafunuliwa, mabakuli yakainuliwa, na mama wote wakakimbilia ndani ya maua wakiimba. Kutoka kwenye ile nusu iliyosimama, kila kilichokuwa na mabawa kikanyanyuka pamoja nao. Wenzangu, kazi ya mtazamaji ni kutambua, na mimi siku ile sikutambua hata mmoja. Nilikuwa narukaruka katikati ya kwaya, nimemshika Gordon mkono, napiga kelele kama mwehu, "Wale pale! Wale pale!"